Bima inalipa mazoezi hospitalini, mgonjwa yuko kitandani Tabata

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

UKIPANDA daladala za Tabata utamsikia kondakta akipaza sauti, "Bima wapo?", na abiria mmoja au wawili wakaitikia kwamba wapo. Wenyeji hulihusisha jina la kituo hicho na nyumba za Shirika la Bima la Taifa, wala halina uhusiano na kadi ya matibabu. Lakini katika mitaa inayokizunguka, kuanzia Mawenzi hadi Kimanga na Segerea, zipo nyumba ambamo neno bima lina maana moja tu: kadi iliyohifadhiwa kabatini, na mgonjwa aliyelala chumba cha pili ambaye kadi hiyo haimfikii.

Mgonjwa huyo alipata kiharusi, au alivunjika nyonga, au aliumia uti wa mgongo. Alitibiwa, akapona kwa kiasi cha kuruhusiwa. Katika karatasi yake daktari ameandika kwamba aendelee na mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki. Bima yake inayagharimia mazoezi hayo. Tatizo ni kwamba inayagharimia hospitalini, naye hana uwezo wa kufika huko, na sababu ya kushindwa kufika ni ugonjwa uleule unaohitaji mazoezi.

Ili kuelewa jambo hili linavyotokea, ni vema kuanza na utaratibu wenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kutoa huduma mwaka 2001, ukiwahudumia kwanza watumishi wa Serikali Kuu. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huchangia asilimia 3 nyingine. Kadi humhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wao hadi wanne. Akistaafu, yeye na mwenza wake huendelea kutibiwa kwa masharti yaliyowekwa, bila kukatwa tena.

Mazoezi ya viungo, ambayo wataalamu huyaita fiziotherapia, yamo katika orodha ya mafao ya Mfuko huo. Vimo pia vifaa saidizi vya viungo. Kwa hiyo si kweli, kama wengi wanavyodhani, kwamba bima ya taifa haitambui huduma za utengamao. Inazitambua, ila zikitolewa na kituo cha afya kilichosajiliwa na Mfuko.

Mwanachama hufika kituoni, huonyesha kadi, hupata huduma na kutia saini fomu ya madai inayoorodhesha kila alichofanyiwa. Kituo hukusanya fomu za mwezi mzima na kuziwasilisha kwa Mfuko ili kilipwe. Fedha hazipiti mkononi mwa mgonjwa. Mtaalamu wa fiziotherapia anayebisha hodi Kimanga saa kumi na moja jioni, mkoba begani, si kituo, hata kama asubuhi alikuwa kazini katika hospitali ya rufaa. Hana namba ya usajili wala fomu. Risiti yake, hata ikigongwa mhuri, haina dirisha la kuipokea.

Mwandishi wa makala haya aliyafahamu hayo mwaka 2022, wakati baba yake mkubwa, mwalimu mstaafu mkazi wa Tabata Kimanga, alipopata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Alilazwa siku 11. Kitanda, dawa, vipimo na picha ya kichwa vyote vililipiwa na kadi, na familia haikutoa hata shilingi ya dripu. Siku ya kuruhusiwa, mtaalamu wa mazoezi alipita kitandani mara moja, akaonyesha namna ya kumkalisha na kumgeuza mzee, akaandika tarehe ya kurudi.

Kisha ikaja hesabu. Mzee alikuwa hawezi kupanda daladala. Bajaji ya kumpeleka hospitali na kumrudisha ilikuwa Sh20,000, kwa kuwa dereva alipaswa kusubiri, na vijana wawili wa mtaani walihitajika kumbeba hadi barabarani, maana chombo hakiingii uchochoroni. Mara tatu kwa wiki ni Sh60,000. Kwa wiki nne ni Sh240,000, bila kuhesabu fedha ya soda ya vijana. Huduma yenyewe ilikuwa bure na ilichukua takriban nusu saa. Foleni ilichukua saa tatu, mzee akiwa benchini, mwili ukimlalia upande mmoja.

Mtaalamu wa kuja nyumbani alitaka Sh30,000 kwa kila ziara. Kwa ratiba ileile ya mara tatu kwa wiki ni Sh360,000 kwa wiki nne. Familia ilikwenda hospitali mara nne, ikamwita mtaalamu nyumbani mara sita, kisha fedha ikaisha. Mazoezi yakabaki mikononi mwa mama mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 68 na magoti yenye maumivu.

Katika kisa hicho hakuna aliyevunja utaratibu. Hospitali ilifanya wajibu wake na bima ililipa ilichoahidi. Pengine ndiyo maana malalamiko ya aina hii hayasikiki: hakuna dirisha lililofungwa usoni mwa mtu, na aliyelala kitandani haendi kuandamana.

Wapo watakaouliza kama nusu saa ya mazoezi ina uzito wa kusumbuana kiasi hiki. Wataalamu wa kiharusi wanaeleza kwamba sehemu kubwa ya nafuu ya viungo hupatikana katika miezi mitatu ya kwanza, wakati ubongo unapojipanga upya kuziba pengo la sehemu iliyokufa. Baada ya hapo nafuu huendelea, lakini kwa mwendo wa kobe. Mgonjwa aliyeachwa kitandani katika miezi hiyo hukakamaa viungo, bega la upande uliolegea huteguka na kuuma, ngozi ya makalio na visigino huchubuka ikawa vidonda, na mapafu hushambuliwa kwa urahisi na homa. Matatizo hayo humrudisha hospitalini, na bima hulipa tena, safari hii kitanda na dawa za bei kubwa kuliko mazoezi yaliyokosekana.

Wala wagonjwa hawa si wachache. Utafiti uliofanyika kati ya Juni 2003 na Juni 2006 katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam, kisha ukachapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet Neurology, ulionyesha kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiwango cha kiharusi Dar es Salaam kilikuwa wagonjwa wapya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hai kilikuwa 108.6. Jiji hili, kwa maneno mengine, lilikuwa na takriban mara tatu ya kiwango cha vijijini Hai, na shinikizo la damu lisilotibiwa ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya ugonjwa huo.

Kwa upande wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001, hali haina tofauti. Kadi hiyo humpeleka mwanachama katika vituo vya umma kuanzia zahanati kwenda juu kwa rufaa. Nayo pia inamsubiri mgonjwa afike.

Kampuni binafsi ni habari nyingine kidogo. Kwao kila kitu ni mkataba. Mwajiri mwenye uwezo anaweza kununua mkataba unaojumuisha uuguzi au mazoezi ya nyumbani baada ya kulazwa, na mwingine wa kampuni hiyohiyo akawa na mkataba usio na neno hilo hata mara moja. Pale fao hilo linapokuwapo, mara nyingi hufungwa kwa masharti: barua ya daktari, kibali kabla ya huduma kuanza, idadi ya ziara na kikomo cha fedha kwa mwaka. Ziara iliyofanyika kabla ya kibali huwa hatarini kukataliwa, na familia iliyoharakisha kumwita mtaalamu Jumamosi ikapeleka karatasi Jumatatu huishia kulipa yenyewe.

Upo hata hivyo mfuko mmoja wa umma nchini ambao sheria yake imefikiria maisha ya mgonjwa nje ya hospitali. Huo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Miongoni mwa mafao yake, mbali na matibabu na malipo ya ulemavu, zimo huduma za utengamao na malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Waajiri ndio wanaochangia, mfanyakazi hakatwi.

Matokeo yake ni kitu cha kushangaza. Fundi wa ujenzi anayeanguka kutoka kwenye jukwaa akiwa kazini na kupooza miguu ana sheria inayomtambua yeye, utengamao wake na anayemgeuza kitandani. Jirani yake aliyepooza vivyo hivyo kwa kuanguka bafuni kwake, hata kama ana kadi ya bima ya afya, hana sheria ya namna hiyo. Mahitaji yao asubuhi ni yaleyale: kuogeshwa, kunyooshwa viungo, kukalishwa. Kilichowatenganisha ni mahali walipoangukia. Msomaji ambaye ndugu yake aliumia kazini, au aliugua kutokana na kazi, afuatilie madai ya WCF kupitia kwa mwajiri mapema, kwa sababu familia nyingi hutumia kadi ya bima ya afya na kusahau kwamba zilikuwa na haki kubwa zaidi.

Kwa nini basi mifuko ya afya inasita kuvuka kizingiti cha nyumba? Sababu ya kwanza ni hofu ya udanganyifu, na si hofu ya kubuni. NHIF imewahi kusitisha mikataba na vituo na kuchukua hatua dhidi ya watumishi kwa madai ya uongo, tena kwa huduma zinazodaiwa kutolewa ndani ya majengo yanayoweza kukaguliwa. Je, nani atathibitisha kwamba Jumatano saa tisa alasiri mtaalamu alikuwa kweli chumbani kwa mzee, uchochoroni Kimanga, na si nyumbani kwake akijaza fomu?

Sababu ya pili ni uhaba wa wataalamu. Shule ya fiziotherapia ya KCMC mjini Moshi imekuwa kwa miaka mingi chimbuko la wataalamu hawa nchini. Mtaalamu mmoja akiwa idarani huwaona wagonjwa wengi kwa siku. Akiwekwa barabarani kati ya Buguruni, Tabata na Kinyerezi, foleni ya magari itakula nusu ya siku yake. Sababu hii ina uzito kuliko inavyopewa, na anayedai huduma ya nyumbani kwa kila mgonjwa hajakaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela.

Lakini sababu zote mbili zinajibika. Nchini Marekani, bima ya wazee ya Medicare, iliyoanzishwa mwaka 1965, hulipia mazoezi ya nyumbani kwa masharti mawili makubwa: mgonjwa athibitishwe na daktari kuwa hawezi kutoka nyumbani isipokuwa kwa taabu kubwa, na huduma itolewe na wakala aliyeidhinishwa, si mtu binafsi. Kwa njia hiyo anayelipwa ni taasisi yenye rekodi na inayoweza kufungiwa. Mwaka 2013, katika maridhiano ya kesi ijulikanayo kama Jimmo, ilithibitishwa pia kwamba mgonjwa hanyimwi huduma kwa sababu tu hatarajiwi kupata nafuu zaidi; kumzuia asizidi kudhoofu nako ni sababu ya kulipa.

Tanzania haihitaji kwenda Marekani kujifunza kubisha hodi. Jijini Dar es Salaam, taasisi ya PASADA iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuwa na makao yake Chang'ombe, Temeke, ilijulikana kwa kuwafuata majumbani wagonjwa wa Ukimwi, wakati ambapo hospitali zilikuwa zimefurika na wengi walirudishwa nyumbani kusubiri siku zao. Nyumba zilifikika. Vichochoro vilikuwa vilevile. Kilichokuwapo ni mfadhili wa kulipa. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, na hao ni watu ambao kazi yao ni kwenda nyumba kwa nyumba.

Hapa inafaa kutoa tahadhari. Wapo wanaosema suluhisho rahisi ni kuwafundisha ndugu wakae na mgonjwa wao, basi. Nchini India jambo hilo lilipimwa kwa umakini. Wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14 waligawanywa makundi mawili. Ndugu wa kundi moja walifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani, kundi la pili likapata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika The Lancet: baada ya miezi sita, asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki dunia au wakiwategemea wengine. Hapakuwa na tofauti. Kwa upande mwingine, tafiti zilizofanywa hasa Ulaya zimeonyesha kwamba timu ya wataalamu inayomfuata mgonjwa wa kiharusi cha wastani nyumbani mapema hupunguza siku za kulazwa na pia uwezekano wa kubaki tegemezi. Ndugu ni msaada usio na mbadala, ila mikono yao peke yake haitoshi.

Mlango wa kubadili hali hii umefunguliwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, wakati ambapo takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima yoyote ya afya. Mjadala wa sheria hiyo ulitawaliwa na swali la nani atachangia na kiasi gani. Swali la mgonjwa atahudumiwa akiwa wapi halikupata nafasi kubwa, na ndilo linaloamuliwa na kitita cha mafao na kanuni, si na sheria mama.

Kitita si msahafu. NHIF ilianza kutumia kitita kipya Machi 1, 2024, na mabishano ya bei yakafikia hatua ya baadhi ya hospitali binafsi kusitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko. Mwananchi aliyesumbuka siku hizo alijifunza kwamba mistari ya orodha hiyo huongezwa na kupunguzwa na watu waliokaa mezani. Mstari mmoja unaoruhusu kituo kilichosajiliwa kumtuma mtaalamu wake nyumbani, kwa mgonjwa aliyethibitishwa na daktari, kwa idadi maalumu ya ziara katika miezi mitatu ya kwanza, na fomu ikatiwa saini kitandani badala ya dirishani, ungelipwa kwa utaratibu uliopo.

Hadi hapo familia yenye mgonjwa ifanye yanayowezekana. Kabla ya kuruhusiwa, iombe mtaalamu wa mazoezi amwone mgonjwa zaidi ya mara moja na aandike mpango wa wiki kwa wiki, wala isiridhike na tarehe ya kurudi. Siku hizo za kulazwa bado zinalipiwa. Ndizo za kujifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili, kutomvuta kamwe kwa mkono uliolegea, na kumlisha akiwa amekaa wima. Iulize kwa maandishi vifaa gani kadi inagharimia. Mwenye bima binafsi aombe kibali kabla ya ziara ya kwanza, na akikataliwa aombe kifungu cha mkataba kilichotumika. Mgogoro usiposuluhishwa, ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo kwa ajili hiyo. Anayemlipa mtaalamu mfukoni athibitishe kwanza usajili wake, kwa kuwa mjini hapa wapo wachua misuli wanaojiita wataalamu wa kiharusi, na bega lililoteguliwa na mtu wa namna hiyo halirudi kirahisi.

Mwalimu wa Kimanga anatembea sasa kwa gongo hadi barazani na kurudi. Mkono wa kushoto haukurudi. Mama mkubwa humnyoosha vidole kila asubuhi kabla ya chai, kama alivyoonyeshwa siku ile moja wodini, na ile karatasi yenye tarehe ya kurudi bado wameiweka pamoja na kadi.